Kreatinini ilikuwa karibu ile ile, potasiamu ndo ilotaka kumuondoa: kisa cha mama mmoja wa shamba, Unguja

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, anatoka shamba huko kaskazini Unguja, baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha asije akajulikana. Ana sukari ya miaka mingi na presha juu yake, na figo zake zilishafika hatua ya 5 ambayo ndo ya mwisho, kasi ya kuchuja imebaki kama 8 wakati mtu mzima mwenye figo nzima anakuwa na 90 na kuendelea. Habari ya kusafishwa damu alishaambiwa tokea Rajabu, familia ikasema ngoja tukae kikao kwanza, na kikao kikawa kinasogezwa mbele kwa sababu kaka mkubwa yuko Pemba na hakuna anaetaka kuamua bila yeye. Siwalaumu, mambo yetu ndo yalivo, na mashine ni jambo zito.

Akaletwa usiku baada ya tarawehe, mwezi 20 Ramadhani. Shida waloileta ni miguu. Siku mbili nyuma alikuwa akinyanyuka mkekani kwa kushikwa, siku hiyo alipomaliza kufuturu hakunyanyuka kabisa. Ana kwikwi zisokatika, kichefuchefu, mdomoni anasikia ladha ya chuma, na anahema kwa nguvu na kwa kina ilhali mapafu ukiyasikiliza ni safi na oksijeni 97. Presha 168 kwa 90. Mapigo ya moyo 44 kwa dakika. Hiyo 44 ndo ilotufanya tuache maneno mengine yote tukimbilie kipimo cha umeme wa moyo.

Wakati tunamfunga zile waya mwanawe wa kiume akatoa karatasi ya zamani mfukoni, imekunjwa vizuri, akauliza, "Daktari, kreatinini saivi ngapi?" Nnavojua mimi hilo ndo swali la kila familia yenye mgonjwa wa figo hapa kwetu. Ilipokuja jibu akaambiwa 560, na ya mwezi wa Rajabu ilikuwa 520, akasema "Alhamdulillah haijapanda sana." Kweli haijapanda sana. Mamake alikuwa yuko karibu kusimama moyo na kreatinini haijapanda hata asilimia 8, na kisa hichi nakiandika kwa sababu hiyo hasa.

Namba zenyewe. Mwezi wa Rajabu: sodiamu 138, potasiamu 5.3, bikaboneti 18, yurea (taka ya protini) 27, kreatinini 520, kalsiamu 2.05, fosfeti 1.9, albumini (protini ya damu) 34, wingi wa damu 8.6. Usiku ule: sodiamu 131, potasiamu 7.9, kloraidi 100, bikaboneti 9, yurea 38, kreatinini 560, kalsiamu 1.80, fosfeti 2.6, albumini 30, sukari 4.2, wingi wa damu 7.9. (Kreatinini ni mikromoli kwa lita, albumini ni gramu kwa lita, wingi wa damu ni gramu kwa desilita, zilobaki zote milimoli kwa lita.) Kwa mtu mzima potasiamu, madini yanayoendesha umeme wa moyo na misuli, inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0, na bikaboneti, ile inayopooza asidi kwenye damu, kati ya 22 na 28, kwaiyo hata zile za Rajabu hazikuwa nzuri, ila mwili ulikuwa umeshazizoea.

Kreatinini inatoka kwenye misuli, inatolewa kila siku kwa kiasi kinachokaribiana, na figo ndo zinaitoa nje, kwaiyo ikijikusanya tunajua uchujaji umeshuka. Ni kipimo kizuri cha kujua figo zimefika wapi. Lakini yenyewe hata ikiwa 560 au 900 haisimamishi moyo wala haimlegezi mtu miguu. Tena mtu mwembamba aliekonda misuli anaweza kuwa na kreatinini ya kupendeza na figo zake zimekwisha. Vinavyoua haraka ni potasiamu, asidi na maji, na hivi vitatu vinaweza kubadilika ndani ya siku mbili wakati kreatinini imekaa pale pale. Mtu wa hatua ya 5 anaishi kwa kuungaunga: vichujio vichache vilobaki vinafanya kazi ya ziada kutoa potasiamu, na utumbo mkubwa nao unasaidia, kwa mtu mzima unatoa sehemu ndogo tu lakini figo zikifeli unaweza kutoa robo na zaidi ya potasiamu anayokula. Ndo mana mgonjwa wa figo akifunga choo siku tatu nne sisi tunashtuka, na huyu mama alikuwa hajapata choo tokea Ijumaa.

Sasa ile karatasi ya umeme wa moyo. Yale mawimbi madogo ya mwanzo hayapo kabisa, lile la kati limepanuka, la mwisho limesimama juu na ncha kali. Anaejua kusoma karatasi hii hahitaji kusubiri maabara. Na ilikuwa bahati mana sampuli ya kwanza maabara waliipigia simu, wakasema maji ya damu yamekuwa mekundu, seli zimevunjika, leteni nyengine. Walisema sahihi kabisa. Ndani ya seli potasiamu ni kama 140 na nje ni 4, kwaiyo seli zikivunjika kidogo tu kwenye kichupa potasiamu inasoma juu kwa uongo. Inatokea ukikaza mpira wa mkono muda mrefu, ukimwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, ukitumia sindano nyembamba ukavuta kwa nguvu, au sampuli ikipanda gari kutoka shamba mpaka mjini inatikisika njia nzima. Na kuna jambo watu wanalifanya kwa nia njema, wanaiweka damu nzima kwenye friji ili "isiharibike", kumbe ubaridi unazuia ile pampu ya seli na potasiamu inavuja pole pole mpaka inafika namba ya kutisha. Damu itenganishwe kwanza, seli mbali na maji yake mbali.

Lakini hapa ndo pa kuwa makini: sampuli kuharibika haina maana kwamba potasiamu ya mgonjwa iko sawa. Mgonjwa wa hatua ya 5, miguu imelegea, mapigo 44, mawimbi yamepanuka, huyo anatibiwa hapo hapo, sampuli ya pili inachukuliwa huku dawa inaingia. Sampuli ya pili ilikuwa safi na ikasoma 7.9. Na kinyume chake pia nikiseme, karatasi ya moyo ikiwa nzuri isikupe usingizi, wapo wenye potasiamu ya 7 na zaidi na mawimbi yao yanaonekana ya kawaida kisha moyo unasimama ghafla.

Cha kwanza alichopewa ni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30, kwa dakika kama kumi, macho yetu yako kwenye mashine ya moyo. Ndani ya dakika chache mapigo yakapanda 60 na kitu na lile wimbi la kati likaanza kubana. Familia wakadhani ndo kashapona. Kalsiamu haitoi hata milimoli moja ya potasiamu, inaukinga moyo tu, tena kwa nusu saa mpaka saa nzima, ni kununua muda. Baada ya hapo insulini yuniti 10 ya mshipa pamoja na glukosi ya asilimia 50 mililita 50, na salbutamoli ya kuvuta kwa nebulaiza miligramu 10. Hizi mbili kila moja inashusha kama 0.6 mpaka 1.0, zinaisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Bado iko mwilini. Masaa manne mpaka sita inatoka tena, na kama huna mpango wa kuitoa nje kabisa umeahirisha tu tatizo.

Insulini kwa mgonjwa wa figo inataka heshima yake. Sukari yake ilikuwa 4.2 kabla hatujaanza, kwaiyo baada ya ile glukosi nzito tukamuachia dripu ya glukosi ya asilimia 10 pole pole, na kidole kinapimwa kila nusu saa kisha kila saa mpaka masaa sita. Saa ya tatu ikashuka 3.4 na dripu inaingia! Figo ni moja ya viungo vinavyoivunja na kuiondoa insulini, zikifeli insulini inakaa mwilini muda mrefu kuliko ulivotegemea, wakati glukosi ulompa imeshatumika zamani. Hapa ndo wagonjwa wengine wanapotea usiku, potasiamu imeshuka vizuri kwenye karatasi na mtu kalala hatikisiki kwa sababu sukari imekwisha.

Na hilo hilo linaeleza jambo la nyumbani. Tokea Shaabani sukari yake ilikuwa inashuka yenyewe, 5, 4, mara 3.8, na majirani wakawa wanampongeza kwamba sukari imepona. Bado anameza glibenklamaidi yake kama kawaida, dawa ya kushusha sukari ambayo mabaki yake yanatoka kwa figo. Sukari kushuka bila sababu kwa mtu mwenye sukari ya miaka mingi ni dalili ya figo kuzidi kuchoka, na dawa inabidi ipunguzwe au ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu nacho kwa mtu kama huyu kinadanganya kwa chini, mana seli nyekundu zake haziishi umri wake kamili.

Haya, potasiamu ilitoka wapi. Mkaza mwanawe ndo anaempikia, dada mtaratibu sana na anampenda mkwewe, akaniambia, "Daktari, mama hali chumvi, nyama hali, anakula vitu vya asili tu." Nikamuuliza, "Vya asili vipi, dada yangu?" Akasema, "Futari ya kawaida tu, tende, muhogo wa nazi au ndizi, na kila siku dafu moja, tumeambiwa dafu linasafisha figo."

Tukakaa nae tukapiga hesabu, na nataka kila anaempikia mgonjwa wa figo aione. Maji ya dafu yana kama miligramu 200 mpaka 250 za potasiamu kwa kila mililita 100, dafu moja la kushiba lina mililita 400, hiyo ni 800 mpaka 1000. Tende saba za kawaida kama 350. Muhogo sahani ya gramu 250 kama 650. Tui zito kikombe kimoja zaidi ya 400. Ndizi moja mbivu juu yake 400. Umeshapita 2600 na bado daku hajala, na mgonjwa wa hali yake kwa kawaida anaambiwa asizidi kama 2000 kwa siku nzima. Miligramu 39 ni milimoli moja, kwaiyo futari ile ni kama milimoli 66, na potasiamu yote ilioko nje ya seli katika mwili wa mtu mzima ni kama milimoli 60 hivi. Yaani kila magharibi anaingiza kiasi kinachozidi kile chote kinachozunguka nje ya seli zake, na mlango wa kutokea umefungwa. Anachobaki kukitegemea ni insulini yake mwenyewe iisukume ndani, nae ni mgonjwa wa sukari.

Dafu kwa mtu mzima mwenye figo zake ni kinywaji kizuri na simkatazi mtu. Ila hili neno la "linasafisha figo" limeshaingia kila mtaa na wanaolisikia zaidi ndo wale wale walio hatua ya 4 na ya 5, kwao hakuna kinachosafishwa. Wakiniuliza na juisi ya mbirimbi ambayo watu wanakunywa kwa mafuta ya damu, basi hiyo ina okzaleti nyingi mno, huko Kerala nchini India madaktari walishaandika habari za watu waliokuwa wazima figo zao zikafeli baada ya kunywa juisi yake nzito, sasa mtu ambae figo zimeshafeli ataiweka wapi. Nazungumzia juisi, si zile mbili tatu za mchuzini.

Chakula peke yake hakikutosha kufika 7.9. Alikuwa anakunywa losatani kwa presha, dawa nzuri inayolinda figo za mwenye sukari miaka ya mwanzo, lakini inapunguza kutoa potasiamu. Juu yake magoti yalikuwa yanamsumbua kwenye sala za usiku, akanunuliwa diklofenaki duka la dawa, mbili kwa siku, wiki nzima. Diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo, losatani inalegeza upande wa kutokea, mtu amefunga na joto lote hili maji yamempungukia mchana, kile kidogo kilichobaki kinachujwa kwa shida. Ukiongeza choo kilofunga na mwili kukaa masaa kumi na tatu bila chakula, ambapo insulini inashuka na potasiamu inatoka kwenye seli, hapo huhitaji kutafuta mchawi. Na yote haya kreatinini yake iliyaonyesha kidogo sana.

Kuhusu funga, mama alilia sana alipoambiwa asifunge tena. Mwanawe ndo alomwita ustadhi wa msikiti wa kwao akaja kuzungumza nae, akamsomea aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, ruhusa ya mgonjwa iko wazi na asie na matumaini ya kulipa analisha masikini. Maneno yale kutoka kwa ustadhi yalifanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya, na naomba familia zifanye hivyo mapema, kabla ya mwandamo, wasisubiri mtu alegee.

Asidi sasa. Mwili kila siku unatengeneza asidi kama milimoli moja kwa kila kilo ya uzito, zaidi kutokana na protini, na figo ndo zinaitoa na kurudisha bikaboneti kwenye damu. Zikishindwa bikaboneti inaliwa pole pole, mifupa nayo inatoa madini yake kuipooza asidi, na mapafu yanajaribu kusaidia kwa kutoa hewa chafu nyingi, ndo ule muhemo mzito. Watu wanadhani pumu, au maji kwenye mapafu, wakati kifua kiko safi. Ukichukua sodiamu yake 131 ukatoa kloraidi 100 na bikaboneti 9 inabaki 22, pengo kubwa, maana yake kuna mabaki ya asidi za chakula, salfeti na fosfeti na nyengine, yamejikusanya. Asidi nayo inachangia potasiamu kukaa nje ya seli kwaiyo haya mawili yanasukumana.

Mtu ataona bikaboneti 9 na mkono unamuwasha ampe sindano ya bikaboneti haraka. Kwa huyu hatukufanya, na sababu iko kwenye kalsiamu. 1.80 ni ndogo, hata ukiisahihisha kwa albumini yake ya 30 (unaongeza 0.02 kwa kila gramu inayopungua kwenye 40) unapata 2.00, bado iko chini. Asidi inaipa damu kalsiamu huru zaidi, ukiondoa asidi kwa haraka kalsiamu inajifunga kwenye albumini, ile huru inashuka ghafla, na mgonjwa anakakamaa vidole au anaanguka degedege mbele yako. Na jambo la vitendo kabisa kwa wauguzi wenzetu: kalsiamu na bikaboneti zisipite mrija mmoja, zikikutana zinafanya chokaa.

Fosfeti 2.6 na kalsiamu chini ni hadithi ya miezi na miaka. Figo zinashindwa kutoa fosfeti, zinashindwa pia kuikamilisha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu, tezi ndogo za shingoni zinaona kalsiamu imeshuka zinatoa homoni nyingi inayoivuta kalsiamu kutoka mifupani. Ngozi inawasha usiku kucha, huyu mama mgongo wote ulikuwa na alama za kucha na akipakwa mafuta ya nazi na karafuu. Vidonge vya kalsiamu kaboneti alikuwa navyo, lakini alikuwa anavimeza saa ya kulala. Vidonge hivi kazi yake hapa ni kuikamata fosfeti tumboni ikiwa bado iko kwenye chakula, vinamezwa pamoja na tonge, sio masaa mawili baadae. Hakuna aliemwambia.

Sodiamu 131 haikuwa ukosefu wa chumvi. Mkojo wake ulishapungua na usiku alikuwa anakunywa maji mengi akihofia kiu ya mchana, maji yakazidi sodiamu ikachujuka. Dawa yake ni kupima maji anayokunywa, basi.

Damu 7.9 ilileta mjadala mkubwa, wajomba wawili wameshajipanga kutoa. Figo ndo zinatoa ile homoni ya kuamsha uboho utengeneze seli nyekundu, zisipoitoa damu inashuka hata ukila maini na mchicha kila siku (na mchicha wenyewe umejaa potasiamu). Tukawaeleza kwamba damu ya mfuko iliokaa stoo inakuwa na potasiamu ya ziada, na kila mfuko unaweza kumjengea kinga ya mwili itakayoikataa figo ya kupandikizwa huko mbele. Hakuwa anavuja damu, kifua hakimbani, kwaiyo tukasubiri, baadae akaanzishwa sindano za kuongeza damu baada ya madini ya chuma kupimwa.

Masaa mawili baada ya dawa potasiamu ilikuwa 6.6. Hapo ndo kikao cha familia kikafanyika koridoni kwa simu ya Pemba, na hofu ilokuwepo ilisemwa wazi: "Ukiingia mashine hutoki." Naielewa mana kila mtu ana jirani aliewekwa mashine akafariki wiki hiyo hiyo. Tukawaambia tizameni jirani yule alifika na hali gani. Willem Kolff, daktari wa Uholanzi alieanza na mashine hizi miaka ya 1940, wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki kwa sababu walikuwa wakifikishwa kwake wakiwa wamebakisha pumzi, mpaka mwaka 1945 akazinduka mama wa miaka 67 akapona. Kuchelewa ndo kunakoua, na mtu alietakiwa kuanza Rajabu akaanza Ramadhani kwa kubebwa amejiongezea khatari bila ya kujua. Kaka wa Pemba akasema, "Mwekeni, mimi napanda boti ya asubuhi."

Safari ya kwanza haifanywi kwa pupa. Mpira shingoni, masaa mawili tu, damu inazungushwa pole pole. Yurea 38 ukiishusha haraka kwenye damu ile ya kwenye ubongo inabaki nyuma, maji yanaifuata, ubongo unavimba na mtu anaumwa kichwa, anatapika, anaweza kupata degedege. Alipotoka: potasiamu 4.8, bikaboneti 17, yurea 26, kreatinini 410, fosfeti 1.8. Jioni miguu ikanyanyuka kitandani.

Asubuhi yake potasiamu ikasoma 5.6 na mwanawe akaja mbio, mashine imefanya nini mbona imepanda tena? Mashine inasafisha damu na maji yaliyo nje ya seli, na potasiamu asilimia 98 iko ndani ya seli, ukimaliza ile ya ndani inatoka pole pole kujaza pengo, ndani ya masaa machache namba inapanda. Ni kawaida na ndo mana hatupimi dakika ile mtu anashuka kitandani tukasema huyu yuko salama kwa wiki. Fosfeti inarudi vivyo hivyo.

Losatani ikasimamishwa kwa muda, diklofenaki marufuku, magoti anameza parasetamoli. Glibenklamaidi imeondolewa, insulini kidogo kwa kipimo cha kila siku. Dawa ya kulainisha choo. Wale wa nyumbani tukawakataza chumvi za "presha" zinazouzwa madukani kwa sababu nyingi sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu badala yake. Na jikoni mkaza mwanawe akaelekezwa: muhogo, mbatata, magimbi, menya, kata vipande vidogo, chemsha maji mengi, mwaga, tia maji mapya chemsha tena, mwaga, ndo uunge, tena sahani ndogo na si kila siku. Tui jepesi kidogo. Tende moja ya kufungulia siku wenzake wanapofuturu, akae nao. Wali mweupe, boflo, tambi ndo shibe yake, matunda kipande cha nanasi au tikiti badala ya ndizi na embe. Mkono wa kushoto haupimwi presha wala hauchomwi sindano, mishipa ile inatunzwa kwa ajili ya kuunganishwa baadae ili huo mpira wa shingoni utoke.

Ratiba alopangiwa ni mara tatu kwa wiki, na ndani yake kuna pengo moja la siku mbili. Pengo hilo ndo lenye vifo vingi kwa wagonjwa wa mashine popote duniani, kwa sababu potasiamu na maji vinapata siku ya ziada ya kujikusanya. Sikukuu ya Idi ikaangukia humo humo. Tukamwambia mapema, wakiwa wote wapo, pilau ale bila mbatata zake, kachumbari ya tungule aionje tu, juisi ya embe na ya ukwaju awaachie watoto, maji kwa kikombe chake kilochorwa mstari, na akisikia miguu mizito asingoje siku yake. Alivorudi siku ya mashine, kabla ya kuunganishwa, potasiamu ilikuwa 5.7, bikaboneti 19, kilo zimeongezeka moja na nusu. Kreatinini ilikuwa 590, na safari hii mwanawe aliuliza potasiamu kwanza.